Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Historia ya Uvimbe wa Taya kwa Watoto wa Mpaka wa Busia na Tororo

Utangulizi

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mwanafunzi wa historia ya tiba katika Afrika Mashariki, methali hii inafaa kugeuzwa kuwa swali: mgeni alikuja kweli, lakini je, mwenyeji alipona? Insha hii inajaribu kulijibu swali hilo kwa kufuatilia ugonjwa mmoja wa watoto, limfoma ya Burkitt, pamoja na kirusi kinachohusishwa nao, kirusi cha Epstein-Barr, ambacho ni cha ukoo wa hepesi. Eneo ninaloliangalia ni mpaka wa Uganda na Kenya, kuanzia Busia hadi Tororo.

Hoja yangu ni hii. Ugonjwa wenyewe ulifuata mwinuko wa nchi, mvua na mbu, wala haukuujua mpaka. Kumbukumbu za ugonjwa ndizo zilizoufuata mpaka. Matokeo yake ni kwamba Busia na Tororo zimo ndani kabisa ya ramani ya ugonjwa huu, ilhali katika vitabu vinavyosimulia historia yake ni vigumu kuzikuta. Pengo hilo si la wanahistoria peke yao, kwa maana mtoto asiyehesabiwa ni vigumu kupangiwa dawa.

Ukoo wa hepesi na watoto wetu

Virusi vya hepesi vinavyojulikana kuishi ndani ya binadamu ni tisa, tukihesabu mbali aina mbili za kirusi cha sita. Wataalamu huvigawa katika makundi matatu. La kwanza lina kirusi cha tetekuwanga, ugonjwa unaojulikana na kila mzazi. Mtoto hupona vipele, lakini kirusi hujificha kwenye neva na huweza kurudi uzeeni kama mkanda wa jeshi. La pili lina kirusi cha sita na cha saba, ambavyo huwapa watoto wachanga homa kali ya siku chache, kisha vipele vidogo hutokea homa inaposhuka. La tatu lina virusi viwili vinavyopenda seli za kinga: kirusi cha Epstein-Barr na kirusi kinacholeta sarakoma ya Kaposi.

Sifa moja inauunganisha ukoo huu wote: kirusi kikishaingia mwilini hakitoki tena. Hulala, na mwili hukilinda kisiamke.

Kirusi cha Epstein-Barr huenea kwa mate. Kikombe kimoja, kijiko kimoja, busu la shangazi juu ya mdomo wa mtoto, vyote vinatosha. Katika nchi tajiri watu wengi hukipata wakiwa vijana, nao huugua homa ya tezi: koo linauma, tezi za shingo zinavimba, mwili unalegea kwa wiki kadhaa. Kwetu Afrika Mashariki karibu kila mtoto huwa amekwisha kukipata kabla ya kufikisha miaka mitatu, na mara nyingi hakuna anayejua. Pengine mtoto alipata homa ya siku mbili. Mpakani, mtoto akipata homa wazo la kwanza ni malaria, na mara nyingi wazo hilo ni sahihi.

Hapo ndipo swali la kihistoria linapoanzia. Kirusi hiki kipo kila mahali: kipo London, kipo Nairobi, kipo Kitale. Kwa nini basi watoto wa maeneo fulani tu, wengi wao wa umri wa kati ya miaka minne na tisa hivi, walivimba taya hadi meno yakalegea?

Nchi moja, kisha mbili

Kabla ya kuujibu ugonjwa, tuitazame nchi yenyewe. Mpaka tunaouona leo Busia na Malaba haukuwapo ukoloni ulipoanza. Hadi mwaka 1902 eneo ambalo sasa ni magharibi mwa Kenya lilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Himaya ya Uganda. Mwaka huo Waingereza waliuhamishia mkoa huo katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ikaitwa Kenya. Mwaka 1926 mpaka ulielezwa upya kwa amri ya kifalme, ukifuata mito kama Sio, Malaba na Lwakhakha hadi juu ya Mlima Elgon.

Mito hiyo ilikuwa mahali pa kuteka maji na kunyweshea ng'ombe, nayo ikageuzwa kuwa ukuta wa karatasi. Wasamia wakabaki pande zote mbili, na Wateso vilevile. Jirani zao ni Wajopadhola upande wa Tororo, na Wakhayo na Wamarachi upande wa Busia ya Kenya. Watu waliendelea kuoana, kuzikana na kwenda sokoni wakivuka mpaka. Daftari za serikali hazikuvuka. Mgonjwa aliyetibiwa upande huu alihesabiwa Entebbe, na ndugu yake wa upande wa pili alihesabiwa Nairobi.

Uvimbe kabla ya kupewa jina

Ugonjwa huu kwa kawaida husimuliwa kana kwamba ulianza mwaka 1957. Haukuanza mwaka huo. Hospitali ya Mengo ilianzishwa mwaka 1897 na daktari mmisionari Albert Cook, mtu aliyekuwa na tabia njema ya kuandika kila alichokiona. Katika kumbukumbu zake alieleza na hata kuchora watoto wenye uvimbe wa taya. Miaka ya 1960 wataalamu wa Makerere, wakiongozwa na mwanapatholojia Jack Davies, walizipitia kumbukumbu za Mengo za kuanzia mwaka 1897 hadi 1956 na kuonyesha kuwa saratani hii ilikuwapo nchini muda wote huo.

Jambo hili lina uzito kwetu. Daftari la Mengo lilipofunguliwa, Busia yote bado ilikuwa Uganda. Maana yake ni kwamba ushahidi wa kwanza ulioandikwa unatoka katika wakati ambapo mpaka huu haukuwapo. Na kabla ya daftari lolote, walikuwapo wazazi waliouona uvimbe huo kwa macho yao, ingawa hakuna aliyewauliza.

Mgeni anafika

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, Ireland. Akiwa mtoto alipoteza jicho moja kwa ajali, na bado akawa daktari wa upasuaji. Alifika Uganda mwaka 1946, akaanzia Lira, kisha akahamia Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 mwenzake Hugh Trowell alimwita wodini amwone mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakujua la kufanya. Usaha hauvimbi pembe nne kwa mpigo, na saratani aliyoijua haikuwa na mwenendo huo. Wiki chache baadaye alitembelea hospitali ya Jinja, kwenye barabara ileile iendayo Tororo, akamwona mtoto wa pili mwenye uvimbe uleule. Alipompima alikuta pia uvimbe tumboni. Mara ya kwanza angeweza kusema ni ajabu ya dunia. Mara ya pili ilibidi aulize.

Aliporudi Mulago alifungua majalada ya zamani na kukuta watoto wengine wengi. Mwaka 1958 alichapisha makala yake ya kwanza juu ya uvimbe huo. Hapo tunaona mchango wake halisi. Hakugundua ugonjwa mpya. Aliunganisha vipande ambavyo wengine walikuwa wameviacha kila kimoja peke yake: taya kwa daktari wa meno, tumbo kwa daktari wa upasuaji, figo kwa mwanapatholojia.

Ramani inachorwa

Hatua iliyofuata ni somo zuri kwa yeyote anayedhani utafiti mkubwa lazima uwe na fedha nyingi. Burkitt alitengeneza vikaratasi vyenye picha za watoto wenye uvimbe, akavituma kwa hospitali za serikali na za misheni barani, akiuliza swali jepesi: umewahi kumwona mtoto wa namna hii? Majibu aliyaweka kwenye ramani kwa pini. Pini zilitanda kama mshipi katikati ya Afrika, zikawa na mashimo yasiyoeleweka.

Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu na kusafiri kwa wiki kumi, karibu kilomita 16,000, hadi Afrika Kusini na kurudi. Walitafuta mahali mshipi unapokatika. Jibu walilolipata lilikuwa la kijiografia. Karibu na ikweta, uvimbe ulikuwa nadra juu ya futi 5,000, yaani mita 1,500 hivi. Ulikuwa nadra pia mahali pakavu na mahali penye baridi. Alexander Haddow, wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, aliitazama ramani hiyo akaona inafanana na ramani za magonjwa ya mbu.

Sasa isome ramani hiyo ukiwa Tororo. Mji huo na miji miwili ya Busia iko kwenye mita 1,200 hivi, mvua ni ya kutosha na vinamasi ni vingi. Ukipanda kaskazini kuelekea miteremko ya Elgon, au mashariki kuelekea Kitale na Eldoret, unauvuka ule mstari wa mita 1,500. Kwa hiyo mpaka wa ugonjwa upo kweli katika sehemu hii ya nchi, ila haupiti kwenye daraja la Sio wala kwenye lango la Malaba. Unapita juu ya vilima. Mtoto wa Busia ya Kenya na mtoto wa Busia ya Uganda wako upande mmoja wa mpaka huo, na mtoto wa Kitale yuko upande wa pili, hata kama cheti chake cha kuzaliwa kinafanana na cha mmoja wao.

Sampuli zinaondoka

Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Msikilizaji mmoja, Anthony Epstein, alihisi kuwa ugonjwa unaofuata hali ya hewa huenda unaletwa na kirusi. Wakakubaliana vipande vya uvimbe visafirishwe kwa ndege kutoka Kampala.

Kwa muda mrefu hakukuonekana kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli ilipelekwa Manchester kwa sababu ya ukungu, na kifurushi kilipofika maabara maji yake yalikuwa yamegeuka mawingu. Ilidhaniwa vimeoza. Chini ya hadubini zilikuwa ni seli hai zinazoelea. Kutokana na seli hizo Epstein na msaidizi wake Yvonne Barr waliweza kuotesha seli nyingi zaidi maabarani, na Februari 1964 kirusi kikaonekana kwa hadubini ya elektroni. Makala iliyotangaza habari hiyo mwezi Machi ilibeba majina matatu: Epstein, Bert Achong wa Trinidad, na Barr.

Kirusi kikabeba majina mawili. Jina la Achong halimo, na jina la mtoto wa Uganda aliyetoa seli hizo halimo pia. Sisemi kwamba mtoto angetangazwa. Siri ya mgonjwa ni haki yake. Nasema kwamba tunapofundishwa historia hii kama safari ya kutoka mhadhara wa London hadi hadubini ya London, tunasahau kuwa katikati yake kuna mzazi wa Uganda aliyembeba mtoto mgonjwa hadi hospitali.

Miaka minne baadaye Werner na Gertrude Henle, huko Philadelphia, walionyesha kuwa kirusi hichohicho ndicho kiletacho homa ya tezi. Kati ya 1972 na 1974 watafiti walichukua damu ya watoto wapatao 42,000 katika eneo la West Nile, Uganda, kisha wakasubiri kuona nani ataugua. Watoto 14 walioupata ugonjwa walilinganishwa na wenzao, ikaonekana kuwa miili yao ilikuwa imepambana na kirusi hicho kwa nguvu isiyo ya kawaida muda mrefu kabla ya uvimbe. Mwaka 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likakiorodhesha kirusi cha Epstein-Barr miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu.

Mbu wa Tororo

Lakini kirusi peke yake hakielezi ramani. Gilbert Dalldorf na wenzake, waliochunguza Kenya, waliona mwaka 1964 kuwa ugonjwa umelundikana kando ya Ziwa Viktoria na Pwani, yaani kule kwenye malaria. Burkitt naye aliona kuwa Zanzibar na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepigwa vita, uvimbe ulikuwa nadra ingawa joto na mvua vipo. Mwaka 1969 aliandika kuwa mbu hawabebi kirusi, wanabeba mshirika wake.

Ushirika huo sasa unaeleweka vizuri zaidi. Malaria ya mara kwa mara huzichochea seli B, ambazo ndizo maskani ya kirusi, zigawanyike ovyo, na papo hapo huwadhoofisha askari wa mwili wanaokilinda kirusi kisiamke. Katika kugawanyika huko kipande cha kromosomu hukatika na kuungwa pasipo mahali pake, na jeni inayoamuru seli kukua haizimiki tena. Uvimbe unaotokea hukua upesi ajabu: seli zake zinaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Hapa Tororo inaingia katika historia kwa nguvu. Utafiti wa mwaka 2001 na 2002 ulikadiria kuwa mkazi wa huko aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria mara 562 kwa mwaka, zaidi ya mara moja kila siku. Miaka kumi baadaye, Nagongera, katika wilaya hiyohiyo, makadirio yalikuwa mara 310. Upande wa Kenya, watafiti waliwalinganisha watoto wachanga wa Kisumu, penye malaria nyingi, na wa Nandi, kwenye vilima. Wa Kisumu walikipata kirusi mapema zaidi, zaidi ya theluthi yao kabla ya miezi sita. Busia iko upande wa Kisumu wa ulinganisho huo, si upande wa Nandi.

Je, mwenyeji alipona?

Turudi kwenye methali. Jibu la kwanza ni ndiyo, na lazima lisemwe. Kampala haikuwa na mashine za mionzi, hivyo Burkitt alijaribu dawa. Uvimbe uliyeyuka, na baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu, wakati ambapo kuponya saratani kwa dawa lilikuwa jambo geni popote duniani. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago kwa ushirikiano wa Makerere na Wamarekani, kikiongozwa na John Ziegler. Utawala wa Idi Amin ulipowafanya wageni waondoke, Mganda Charles Olweny alishika uongozi na kuhakikisha kazi haikufa. Kituo hicho ndicho mzizi wa Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo. Hapo mwenyeji hakusubiri mgeni. Alijitibu mwenyewe.

Jibu la pili ni gumu zaidi. Uvimbe unaoongezeka maradufu kwa siku mbili hauna subira na nauli. Kutoka Tororo hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 200. Kutoka Busia ya Kenya mgonjwa huelekezwa Kisumu au Eldoret. Dawa inayoponya ipo tangu miaka ya 1960, lakini kwa mtoto wa mpakani mambo yanayoamua ni kama mhudumu wa zahanati ameutambua uvimbe, kama mzazi ana nauli, na kama ataweza kurudi kwa dozi ya pili na ya tatu.

Jibu la tatu linahusu kinga. Kuanzia mwisho wa 2014 nyumba za Tororo zilinyunyiziwa dawa ya mbu na malaria ikashuka sana. Kuanzia 2020 ikapanda tena, ingawa unyunyiziaji uliendelea. Upande wa Kenya, chanjo ya malaria ilianza kutolewa Septemba 2019 katika kaunti za ukanda wa ziwa, Busia ikiwa mojawapo. Uganda ilizindua chanjo yake Aprili 2025. Kwa zaidi ya miaka mitano, basi, mto ulewa Sio ulitenganisha nchi yenye chanjo na nchi isiyo nayo, wakati mbu wa pande zote mbili ni wamoja.

Utafiti mkubwa wa hivi karibuni juu ya limfoma hii, uliofanyika kuanzia 2010 hadi 2016, uliangalia kaskazini mwa Uganda, magharibi mwa Kenya na kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Ulikuwa utafiti wa maana. Hata hivyo, ukiweka ramani yake mezani utaona jambo lilelile la tangu 1902: nchi moja ya mbu na watoto imekatwa palepale serikali mbili zinapokutana.

Hitimisho

Mgeni alikuja, akaona, akauliza vizuri. Mwenyeji alitoa mtoto wake, damu yake na daftari zake, na kwa sehemu alipona. Kilichobaki ni kazi ambayo mgeni hawezi kuifanya kwa niaba yetu. Daftari za hospitali za Tororo na za Busia zote mbili zinapaswa kusomwa pamoja, kana kwamba zilitoka nchi moja, kwa sababu kwa ugonjwa huu zilitoka nchi moja. Wazee wa Kisamia na wa Kiteso wanaokumbuka watoto wenye uvimbe wa taya waulizwe wangali hai, na kwa lugha zao. Tangu mwaka 2018 Busia ina kituo cha pamoja cha mpakani, ambako dereva wa lori hukaguliwa mara moja tu badala ya mara mbili. Ikiwa serikali mbili ziliweza kukubaliana juu ya shehena ya saruji, zinaweza kukubaliana pia juu ya daftari moja la watoto wagonjwa.